Nani atanunua kuni mradi ukishaondoka?

Mwaka jana nilifika jikoni kwa darasa la awali la kijiji kimoja cha Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, yapata saa nne asubuhi, nikakuta sufuria kubwa yenye nembo ya mfadhili imefunikwa kifudifudi na watoto wamejikunyata juani. Unga ulikuwepo, nusu gunia. "Kuni hakuna, mwanangu," aliniambia mama anayepika, "na mimi huu mwezi wa tatu sijaliona lile debe langu la mahindi." Katika ripoti ya kufunga mradi wa uji wa watoto hao, kituo hichohicho kilitajwa kuwa kinajiendesha.

Tathmini nyingi za lishe ya watoto wa umri huu hufanyika gari la mradi likiwa bado uwanjani. Huhesabiwa watoto waliokunywa uji, walimu waliohudhuria semina na matuta ya mchicha; ni nadra mtathmini kurudi mwezi Februari, miaka miwili baadaye, wakati mahindi yamepungua ghalani na akina mama wako kwenye palizi tangu alfajiri.

Mkoa wa Iringa unanisumbua akili katika jambo hili. Mwaka 1983 ulianza huko mpango wa lishe wa serikali, UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito kijijini kwao kila robo mwaka, matokeo yakajadiliwa mbele ya wazazi na viongozi, na kijiji chenyewe kikaamua la kufanya, ikiwemo kuanzisha vituo ambako watoto wangepata mlo wa ziada wazazi wakiwa shambani. Utapiamlo mkali ulipungua sana, na wageni wakaja kujifunza. Leo, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, karibu asilimia 57 ya watoto wa umri huo mkoani Iringa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 30. Na Njombe, iliyokuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012, iko kwenye asilimia 50. Nakiri kwamba uzito na kimo ni vipimo tofauti, na si haki kuutwika mpango wa zamani lawama za watoto waliozaliwa juzi. Hata hivyo, hii ni mikoa inayovuna mahindi, maharage na viazi vya kuuzia wengine, kwa hiyo uhaba wa chakula peke yake hautoshi kuwa jibu. Mimi naona kilichopotea ni kile kikao: mizani ipo kliniki, uzito unaandikwa kwenye kadi, na mama anarudi nayo nyumbani peke yake.

Kuhusu fedha, halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani, kwa huduma zote za lishe. Elfu moja, mwaka mzima! Uji wa darasani basi unabaki mikononi mwa wazazi, ambao wengi wao, tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, wamelisikia neno "bure" na kufunga mjadala wa michango hapohapo. Kwa hiyo mtathmini angeanza na daftari la michango: nani ameleta debe, nani hajaleta, mtoto wa yule ambaye hajaleta hukaa wapi wenzake wakinywa, na mpishi alilipwa lini mara ya mwisho. Bustani aiangalie kiangazi, maana wakati wa masika hata kichaka kinapendeza.

Siku ile watoto walikunywa uji saa sita na nusu, baada ya mwalimu kutoa shilingi elfu mbili mfukoni mwake na kumtuma kijana akanunue mzigo wa kuni. Kwenye daftari la kituo aliandika: "Uji umetolewa."