Zimeni jenereta, tusikie ilimba

Saa kumi jioni, katikati ya tamasha la ngoma kijijini, petroli iliisha. Jenereta likakohoa mara mbili, likanyamaza. Nilikuwa nimekaa mkekani hatua chache kutoka kwa mzee mpiga ilimba, ala ya kisanduku cha mti chenye vibamba vya chuma vya kubonyeza kwa vidole, na tangu adhuhuri nilikuwa naona vidole vyake vinacheza bila kusikia mlio hata mmoja. Sasa nikausikia, pamoja na ule mvumo mwembamba wa utando wa buibui uliobandikwa kwenye vitundu vya ilimba. Watoto waliokuwa wanakimbizana nyuma ya maspika wakasogea bila kuitwa, wakachuchumaa mbele yake. Hali ikawa hivyo kama dakika ishirini, mpaka kijana mmoja aliporudi na dumu la petroli.

Nimerudi Dodoma mjini na hasira ambayo haijaisha. Tamasha lilitangazwa kuwa ni la ngoma za asili na la kutunza mazingira, na mimi naamini waandaaji walikuwa na nia njema. Lakini ngoma za Wagogo zilikuwa zinatunza mazingira kabla hatujaanza kuandika mabango. Zeze ni kibuyu, mti na nyuzi. Muheme ni gogo lililochongwa likapewa kiuno chembamba, likawambwa ngozi. Akina mama hulibana mapajani na kulipiga kwa viganja. Waimbaji hupandanisha sauti, huyu juu, yule chini, na duara lote linasikia. Muziki huu ulizaliwa uwanjani, watu wamezunguka, na vumbi la miguu linaonekana. Ukiupitisha kwenye maspika makubwa, unabaki na kishindo tu. Zeze linakufa, ilimba inakufa, na mzee aliyetembea tangu alfajiri anageuka picha ya kupigwa kwa simu.

Ndiyo maana nasema tamasha dogo libaki dogo. Wakija watu mia mbili wakasikia, inatosha kabisa.

Halafu kuna chupa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, tukashangilia, lakini chupa za maji zikabaki. Asubuhi iliyofuata nilirudi uwanjani. Zilikuwa zimetapakaa mpaka kwenye miiba, na kando yake vipande vya karatasi laini za plastiki zilizofungia katoni. Ng'ombe mmoja alikuwa anakitafuna kipande, nusu kikining'inia mdomoni. Mama mwenye ng'ombe akamshika pembe, akakivuta taratibu, kikatoka kirefu kimelowa mate. Hakusema kitu. Jana yake nilimwona akipiga muheme.

Nakubali, wasanii lazima walipwe nauli na posho, na fedha hiyo hutoka kwa mdhamini anayetaka jina lake lionekane. Haya, liandikwe kwenye ndoo za maji. Waje na ndoo kubwa zenye koki na vikombe vya bati, na akina mama wa kijiji walipwe kuvisuuza. Chakula kiliwe kwenye sahani za kuosha, kama tunavyofanya kwenye misiba na harusi zetu zote.

Mwakani naomba nipewe kazi ya maji. Ndoo mbili ninazo nyumbani, vikombe nitavinunua kidogo kidogo kuanzia mwezi huu. Na yule mzee akishakaa na ilimba yake, naomba mtu asiwashe chochote.