Bomba likipasuka Kondoa usiku, nani atapokea simu?

Nikigusa tu habari ya bomba la mafuta, kuna ndugu hunirukia: wewe uko Marekani, unaoga maji ya moto, sisi unatufundisha nini? Ana haki ya kuuliza. Nyumba ninayokaa hapa Michigan inapashwa joto kwa gesi karibu nusu ya mwaka, gari langu linakunywa petroli, na hakuna jirani aliyewahi kunitaka nione aibu. Kwa hiyo sina mdomo wa kumwambia mtu wa Chemba anayepikia kuni kwamba mafuta ni haramu.

Hata Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio la kulipinga bomba hilo la mafuta ghafi, linalotoka Hoima, Uganda, hadi Tanga na kupita kwetu Kondoa, Septemba 2022, nilikasirika kama wengi wenu. Mwaka huohuo Ujerumani ilikuwa inarudisha kazini mitambo ya makaa ya mawe baada ya gesi ya Urusi kukatika. Na mwenye hisa nyingi kwenye bomba hilo, asilimia 62, ni TotalEnergies ya Ufaransa, si Mtanzania wala Mganda. Wachina wa CNOOC wana asilimia 8. Benki kadhaa za Magharibi ziliposema hazitii mguu, Afreximbank, benki ya Afrika ya biashara ya nje, na wenzake wakatoa mkopo mwaka 2025. Nishati inagombaniwa dunia nzima, na anayehubiri leo kesho utamkuta kwenye foleni ya wanunuzi.

Hayo tuyaache. Mimi nataka kuwasimulia habari za Marshall.

Ni mji mdogo huku Michigan. Hauna bahari, hauna meli, ni mashamba na mto tu. Jumapili ya tarehe 25 Julai 2010, saa kumi na mbili jioni hivi, bomba la kampuni ya Enbridge lililofukiwa ardhini lilipasuka. Waliokuwa wakiliendesha walikuwa Edmonton, Kanada. Kengele za tahadhari zikalia. Wakadhani ni kawaida, kwamba mafuta ndani ya bomba yameachana na kuacha nafasi tupu, wakawasha pampu tena. Halafu wakawasha mara ya pili. Uchunguzi wa serikali ulikuja kuonyesha kuwa zaidi ya robo tatu ya mafuta yaliyomwagika yalitoka wakati huo wa kuwasha.

Wenyeji waliisikia harufu usiku uleule. Wakapiga simu ya dharura, zimamoto wakaja, wakazunguka, hawakuona kitu, wakaondoka. Yalipita masaa 17 mpaka mfanyakazi wa kampuni nyingine, ya gesi, alipopiga simu Edmonton kusema kuna mafuta kijitoni. Wakati huo yalikuwa yameshaingia Mto Kalamazoo. Yalikuwa mafuta mazito ya jimbo la Alberta, Kanada, yakazama chini kwenye matope, na kuyachimbua kulichukua miaka. Watu wapatao 320 waliripoti kuugua. Nyufa zenyewe kampuni ilikuwa imeziona kwenye vipimo tangu 2005.

Sasa njoo nyumbani. Shamba la alizeti la mjomba wangu limepitiwa na mkuza, ule ukanda wa ardhi uliotengwa kwa bomba. Alilipwa fidia yake, na ukitaka kumuudhi anza kumuuliza mti mmoja ulihesabiwa shilingi ngapi. Juzi kwenye simu nikamwuliza: "Mjomba, ukisikia harufu ya mafuta usiku, unampigia nani?"

"Mwenyekiti wa kijiji."

"Na yeye?"

"Atampigia mtendaji." Akanyamaza kidogo. "Mpwa wangu, kwani bomba jipya nalo linavuja?"

Najua jibu ambalo wataalamu watanipa: bomba letu lina waya maalumu wa kutambua uvujaji. Vizuri. Lakini hata Marshall kengele zililia. Walichokosa ni mtu wa kuziamini, na mwenyeji aliyesikia harufu hakuwa na njia ya kumfikia aliyeshika swichi.

Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, ndiyo maana bomba zima, kilomita 1,443, inabidi lipashwe joto lifike nyuzi 50 hivi. Yakimwagika kiangazi yatapoa na kuganda. Pengine mtayazoa kwa koleo. Masika ni habari nyingine. Mnajua korongo la kwetu linavyojaa ndani ya saa moja na kubeba ng'ombe na magogo. Mto Bubu ukitoka Kondoa unaenda kuishia Bahi, kwenye mpunga. Na mvua zikiisha tunachimba mchangani kupata maji ya kunywa. Mchanga ukinywa mafuta, tutachimba wapi? Michigan waliufunga mto kwa muda mrefu na maisha yakaendelea, bomba la jikoni likitoa maji.

Wazee wa Kondoa hawahitaji semina ya mazingira. Mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), mifugo yao iliondolewa ili ardhi iliyoliwa na makorongo ipone. Nyasi zilirudi, ila gharama waliibeba wao.

Ninachowaonea wivu Wamarekani hapa ni makaratasi. Ripoti ya Marshall iko wazi, saa kwa saa, nani alibonyeza nini, na yeyote anaweza kuisoma bure. Kwa msingi huo kampuni ilibanwa, ikatumia zaidi ya dola bilioni moja kusafisha, na mwaka 2016 ikakubali kulipa faini pamoja na kufanya marekebisho ya mabomba, jumla dola milioni 177. Kwetu ukiuliza ripoti, wa kwanza kukujibu ni mtu anayetaka kujua umetumwa na nani.

Ukiwa Chemba, Kondoa au Singida, kwenye mkutano wa kijiji ujao simama uulize mambo matatu: namba ya simu inayopokelewa saa nane usiku, vali ya karibu iko wapi, na nani analipa kisima kikiharibika. Wakikwambia majibu yako wilayani, omba yaandikwe kwenye muhtasari.