Duka la Vizibo

Watoto wa darasa la kwanza hawapendi "4 + 3" ya ubaoni, lakini ukiwafungulia duka wanajumlisha mpaka kengele ya mapumziko wanaiona adui. Vifaa vyenyewe si vya gharama: mkeka, mboga za genge, na vizibo vya soda ndiyo pesa, kumi kila mtoto. Vioshe, kisha ubonde kingo kwa jiwe, maana vile vimeno vinakata vidole. Andaa na akiba, kwa sababu kila kipindi vinapungua; vinageuka magurudumu ya magari ya maboksi. Bei iwe kizibo 1 hadi 5, ili vitu viwili visipite 10. Sheria ni moja tu: mteja ataje jumla kabla ya kulipa.

Kazi iko kwenye kuendeleza hesabu. Mtoto amepanga vizibo 4 kwa mkono wake mwenyewe, ukimwongezea 3 anarudi mwanzo: "Moja, mbili..." Hapo tumia kikombe. Funika vile 4, gonga kikombe useme "nne", halafu aguse vya nje: "tano, sita, saba."

Kwangu, kila nilipofunika, mteja alifunua.

"Mwalimu, naangalia kama bado vipo."

Nisingeweza kumlaumu. Jirani yake alikuwa tayari ana vizibo kumi na nne.

Muuzaji nilimweka binti ambaye mama yake ana genge jirani na shule. Kuhesabu alikuwa anajua kuliko wenzake wote. Nyanya ilikuwa 4, kitunguu 3, na mteja akasema "saba" safi kabisa, nikaanza kutabasamu.

"Nipunguzie," mteja akaongeza.

"Haya, lete sita. Na pilipili hii nyongeza."

Nikawaonyesha ubao: nne na tatu ni saba. Darasa zima likaenda upande wa duka. Mmoja akaniambia kwa upole, "Mwalimu, kwako ghali."

Nikaona niweke bei zisizobadilika. Nilikata kadi za boksi nikachora vidoti, vikiwa vimepangwa kama kwenye dadu, ili mtoto aione tano kwa jicho bila kuhesabu kimoja kimoja. Kila bidhaa ikapata kadi yake, na nikatangaza kuwa hakuna kupunguziana wala kukopeshana. Duka likatulia, majibu yakaanza kunyooka.

Ndipo akaingia mthibiti ubora wa shule, tai shingoni. Baada ya "shikamoo" ya darasa zima, alichuchumaa kwenye mkeka, akachukua bamia za 2 na nazi ya 5.

"Haya mwanangu, jumla ngapi?"

Binti aliitazama nazi, akaitazama tai.

"Kumi."

Kalamu ya mgeni ikashuka kwenye daftari. Mimi nikatafuta kitu cha kufanya na chaki.

"Hebu hesabu tena, taratibu."

Akafunika vizibo 5 kwa kikombe, akagonga. "Tano." Akagusa viwili vya nje. "Sita, saba." Yaani alianza na namba kubwa bila kuambiwa, jambo ambalo nilikuwa nimelipangia wiki ijayo!

"Sasa kumi imetoka wapi?"

"Hujaja na mfuko, baba. Mfuko tatu."

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Juni 2019, mfuko nao ni bidhaa, na hakuna mtoto wa genge asiyelijua hilo. Kadi ya mfuko sikuwa nimechora. Mgeni akarudia kwa vidole vyake mwenyewe: saba, nane, tisa, kumi. Akalipa vyote.

"Na mfuko wenyewe?"

"Umeisha, baba. Pitia kesho."