Walioridhika na Darasa la Video ni Wale Waliofanikiwa Kuingia

Wiki iliyopita nilimsikiliza mwanafunzi wa uzamili akitetea pendekezo lake la utafiti kuhusu mazungumzo ya video katika elimu ya masafa, nikatoka ukumbini nimekasirika, ingawa si kwa kosa lake peke yake. Hojaji yake ingetumwa mwishoni mwa kipindi cha Zoom kwa wanafunzi watakaokuwa bado wamo, iwaulize kama wameridhika sana, wameridhika kiasi au hawakuridhika. Jopo lilijadili nukta na mikato ya marejeo kwa muda mrefu wa kutosha kuchosha, kisha likapitisha. Mwanafunzi aliyekatika katikati ya kipindi, au aliyeishiwa bando kabla hakijaanza, hakutajwa na mtu yeyote.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kipindi cha video kinachotumia megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, ilhali sauti peke yake, kwa kilobiti 80 kwa sekunde, haizidi megabaiti 36. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na mtandao ukasumbua Afrika Mashariki nzima, hojaji ya namna hii ingeweza kabisa kuonyesha kwamba wanafunzi wameridhika, maana wangejibu wale tu ambao mtandao wao ulikuwa ukifanya kazi.

Hata hivyo, kinachoniudhi zaidi ni kwamba utafiti unaojiita wa mazungumzo hauyagusi mazungumzo. Tangu mwaka 1974, watafiti wa mazungumzo Sacks, Schegloff na Jefferson walipoeleza jinsi wazungumzaji wanavyopokezana zamu, tunajua kwamba kupokezana huko kuna utaratibu unaoweza kuchunguzwa, na utafiti wa mwaka 2009 uliolinganisha lugha 10 ulionyesha kwamba swali na jibu kwa kawaida hutenganishwa na takribani milisekunde 200 tu. Sasa weka mtandao katikati. Enzi za Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, kilichoanza mwaka 1997 kwa kurusha mihadhara kwa setilaiti, mawimbi yalilazimika kupanda takribani kilomita 36,000 na kushuka tena, kwa hiyo robo sekunde ilikwisha kupotea kabla mtu hajafikiria la kusema. Nyaya za baharini zimepunguza safari hiyo, lakini simu inayotafuta mnara nyuma ya kilima bado hucheleweshwa vya kutosha kuvuruga zamu.

Kwetu uvurugaji huo unakutana na adabu. Mwanafunzi husubiri mhadhiri anyamaze, naye mhadhiri, akidhani hakuna mwenye neno, huanza tena sekunde ileile ambayo sauti ya mwanafunzi inafika. Wawili hao wanagongana, kisha mwanafunzi anarudi nyuma kwa maneno tunayoyajua sote, "Samahani Mwalimu, endelea tu," na swali lake linafia hapo. Baada ya hayo kutokea mara kadhaa, mhadhiri anauliza kwa ukali mbona darasa limepoa. Watafiti wa Ujerumani walionyesha mwaka 2014 kwamba mawasiliano yakichelewa, watu humlaumu mwenzao kuwa si makini, hata pale kosa lilipo kwenye njia ya mawasiliano. Tunawapa wanafunzi sifa ya uzito wa kufikiri ambayo kwa haki ingekwenda kwenye mnara wa simu.

Michael Moore, mwananadharia wa elimu ya masafa, alikwisha sema kwamba umbali wenye maana katika elimu hii si wa kilomita, na kwamba majadiliano yakipungua ndipo unapoongezeka. Rekodi za vipindi zipo zimelala kwenye hifadhi za vyuo; kwa idhini ya wahusika, mtu angeweza kupima mhadhiri anasubiri muda gani baada ya "Kuna swali?" kabla ya kusema "Basi, tuendelee." Kipimo hicho kingenifunza mengi kuliko majedwali yote ya walioridhika.

Kuhusu kamera zilizozimwa, utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanafunzi huficha sura zao, vyumba vyao na watu walio nyuma yao. Kwa hiyo tuache kuwaita wavivu.

Sikatai kwamba video ina kazi yake. Mwanafunzi wa Kigoma anayesimamiwa tasnifu yake bila kupanda treni hadi Dar es Salaam amepata nafuu ya kweli, na kwa kiziwi anayetumia lugha ya alama, picha ndiyo mazungumzo yenyewe. Ninakubali hayo, na sitaongeza.

Mwanafunzi yule bado ana nafasi ya kuirekebisha kazi yake. Orodha ya waliosajiliwa ipo, na programu yenyewe huhifadhi majina ya walioingia na saa waliyotoka. Katika orodha ya waliosajiliwa aondoe waliokaa hadi mwisho, kisha awapigie wengine wote simu ya kawaida, awaulize walikwama wapi na swali gani walitaka kuuliza. Gharama yake haifikii posho ya kikao ya mjumbe mmoja wa lile jopo.