Mboga za majani Mombasa: hatari haiko pale tunapoitafuta

Kipindupindu kikitajwa tu Mombasa, lawama humwangukia mama mboga. Yeye na mkulima wa kando ya mtaro, yule anayeotesha sukuma wiki na mchicha kwenye vipande vya ardhi vilivyosalia Kisauni, Mikindani na Changamwe, ndio wa kwanza kushukiwa. Utasikia watu wakitaka matuta yang'olewe, meza za barabarani ziondolewe, na mwenye uwezo anunue mboga supamaketi. Wanaosema hivyo si wajinga, wala hawana nia mbaya. Ila naona wamemkamata asiye na kosa kubwa, na kosa lenyewe wameliacha lipite.

Nianze na walipo sawa. Sehemu kubwa ya mji huu haina bomba la maji taka. Tunategemea vyoo vya shimo na matangi ya chini ya ardhi, na kisiwa chenyewe kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe unaopitisha maji upesi. Mvua ikinyesha, ya chooni na ya mtaroni hukutana. Maji hayo hubeba mayai ya minyoo, vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo, na wakati wa mlipuko hata vya kipindupindu. Mchicha hukua karibu na ardhi, na ukimwagilia kwa nguvu, tope huruka likatua juu ya jani. Utafiti uliofanywa Accra na Kumasi nchini Ghana, ukachapishwa 2007, ulionyesha kwamba uchafu mwingi wa letasi ulianzia shambani, si sokoni. Anayetilia shaka shamba la mtaroni, basi, ana ushahidi mkononi. Na watoto wadogo huumia sana: hesabu ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa 2015 ilikadiria watu 420,000 hufa kila mwaka duniani kwa chakula kichafu, na 125,000 kati yao ni watoto wa chini ya miaka 5.

Lakini utafiti huohuo wa Ghana uligundua jambo lisilosemwa sana. Hata letasi iliyomwagiliwa maji ya bomba ilikutwa na vijidudu vingi, kwa sababu ya mbolea ya kuku isiyooza vizuri na udongo uliokwisha kuchafuka. Ukimfukuza mkulima wa mtaroni ukamwacha wa bomba anayetumia mbolea mbichi, hujamaliza kazi.

Swali linalorukwa kila mara ni hili: mboga hiyo inaliwaje?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2006 kuhusu kilimo kinachotumia maji taka, na ndani yake mna jedwali ambalo ningependa kila bwana afya wa kaunti alitundike ukutani. Linaonyesha kila hatua inapunguza vijidudu kwa kiasi gani. Kuosha kwa maji safi hupunguza mara 10. Kuosha kwa maji yenye dawa kama klorini kisha kusuuza, mara 100. Kusitisha kumwagilia kabla ya kuvuna hupunguza kati ya mara 3 na mara 100 kwa kila siku inayopita, kutegemea jua na joto. Kumwagilia kwa matone, mara 100 hadi 10,000. Kupika hupunguza mara milioni 1 hadi milioni 10.

Tuzitazame hesabu hizi polepole, maana ndizo zinazoamua. Chukua fungu la sukuma wiki lenye vijidudu milioni 1. Ukiliosha vizuri kwa maji safi, vinabaki 100,000. Ukitumia klorini, 10,000. Ukilitia chunguni likaiva, kinabaki kimoja au hakuna. Tofauti hii haifanani na ile ya mwoshaji hodari na mwoshaji mvivu. Chungu kimoja cha kawaida, cha mama wa kawaida pale Likoni au Bombolulu, hufanya peke yake kazi yote ambayo mwongozo unaidai kwa mboga ya majani, yaani kupunguza mara milioni 1. Na sisi mboga zetu nyingi tunazipika, tena tunaziivisha. Mchicha hutiwa tui la nazi ukachemka. Kisamvu hutwangwa kikakaa motoni muda mrefu. Mnavu huchemshwa, wengi wakamwaga maji ya kwanza kuondoa uchungu. Bibi zetu hawakuwa na jedwali lolote, lakini mapishi yao yanapita mtihani wake.

Kwa hivyo sukuma wiki ya mtaroni inayofikia chunguni, kwa upande wa vijidudu, ni salama kuliko majani mengi tunayoyala bila wasiwasi. Majani hayo ni yapi? Ni kotimiri ya juu ya kachumbari, kabichi mbichi ya kando ya mshikaki, mnanaa wa kwenye juisi, letasi ya hotelini. Na zaidi ya yote ni chatne, ile ya kuchovya bhajia na viazi karai. Kotimiri hubebwa kwa mafungu, mizizi na tope lake, ikanyunyiziwa maji njiani isinyauke, ikasagwa mbichi na maji yaliyopo, kisha chatne ikakaa bakulini saa kadhaa kwenye joto la Mombasa. Ndimu na ukwaju husaidia ikiwa chachu kweli, lakini haviwezi kufanya kazi ya moto. Ningekuwa bwana afya, hapo ndipo ningeanza, na nisingeanza kwa kumwaga bakuli la mtu. Ningempelekea klorini na kumfundisha kipimo.

Na hiyo supamaketi? Mwaka 2006 nchini Marekani, spinachi iliyooshwa kiwandani na kufungwa kwenye mifuko safi iliwafanya watu wapatao 200 wa majimbo mengi waugue, na 3 wakafa. Vijidudu vilifuatiliwa hadi kwenye eneo la malisho ya ng'ombe California. Mwaka 2018 ikawa letasi ya Yuma, Arizona: wagonjwa 210, vifo 5, na vijidudu vikapatikana kwenye maji ya mfereji. Majani hayo yalitoka kwenye mashamba makubwa, yenye maabara na magari ya baridi. Kilichoyaponza ni kwamba huliwa mabichi.

Kuna mahali hoja yangu inagota, na lazima niseme. Moto hauondoi madini ya risasi. Hauondoi kadmiamu, metali nyingine yenye sumu, na mabaki mengi ya dawa za kuua wadudu haumalizi. Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa ulio Mikindani, wanajua maana yake kuliko mtu yeyote: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwajazia risasi kwenye vumbi, udongo na damu za watoto wao, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mboga ya majani hushika vumbi. Anayepanda karibu na karakana, barabara ya malori au jaa la taka anaweza kuuza jani bichi la kupendeza lenye sumu ambayo chungu hakiigusi. Hapa wanaotaka mboga zing'olewe wananishinda, na nakubaliana nao: udongo kama huo upimwe, na ukikutwa na sumu, asipande mtu hapo mboga ya kula. Lakini angalia kosa ni la nani. Mkulima hakuileta risasi Mikindani.

Kuhusu dawa za wadudu, nina uchungu zaidi. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima mzigo 1 katika kila 10 ya maharagwe mabichi kutoka Kenya, kutafuta mabaki ya dawa. Wakulima wanaouza nje wakafundishwa siku za kusubiri baina ya kunyunyiza na kuvuna, wakawekewa daftari na wakaguzi. Mboga inayoshushwa soko la Kongowea alfajiri kutoka Wundanyi, Loitokitok au hapa hapa pwani haipimwi hivyo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, na hakikusema isipokuwa mlaji wa Majengo.

Anayedhani kulaumu kwa haraka hakumdhuru mtu na aitazame Ujerumani mwaka 2011. Mlipuko wa kuhara damu uliwapata watu zaidi ya 3,800, wakafa zaidi ya 50. Wakuu wa afya wa Hamburg walitaja matango ya Hispania, na siyo yaliyokuwa na kosa. Chanzo kikaja kuonekana ni machipukizi ya uwatu, yaliyooteshwa Ujerumani kwenyewe na kuliwa mabichi. Wakati huo matango yalikuwa yameoza mashambani, na Umoja wa Ulaya ukatenga euro milioni 210 kuwafidia wakulima wake. Mama mboga wa Mombasa akitajwa kimakosa hana wa kumfidia. Mtaji wake ni wa siku ile. Na wateja wakikimbia mchicha, watoto wao hukosa vitamini A na madini ya chuma yaliyokuwa yakipatikana kwa bei nafuu kuliko chakula chochote cha kubadili.

Tena tunamwambia aoshe. Aoshe kwa maji gani? Bomba la Mzima linalotuletea maji lilijengwa miaka ya 1950 kwa mji mdogo kuliko huu mara nyingi, na mgao wa maji tumeuzoea hadi hatuulizi. Anachopata ni mtungi wa lita 20 wa mkokoteni, ambao hajui umejazwa wapi, au kisima kilicho hatua chache kutoka chooni. Kwa maji hayo, kuosha kunaweza kuongeza vijidudu badala ya kupunguza.

Zikipatikana fedha za kulishughulikia jambo hili, ningependa zianzie kwenye maji safi ya uhakika Kongowea, pale mboga zinaponyunyiziwa na kotimiri inapofungwa. Zifuate klorini na mafunzo kwa wauza chatne na kachumbari, na maafisa wa kilimo wa kumfundisha mkulima asitishe kumwagilia siku mbili kabla ya kuvuna, aozeshe mbolea ya kuku barabara, na ashushe kopo karibu na ardhi tope lisiruke. Vipimo vya udongo vianze Owino Uhuru na mitaa inayoizunguka, majibu yabandikwe kwa Kiswahili mahali ambapo wapandaji na walaji watayasoma, na atakayekatazwa kupanda aonyeshwe kwanza pengine pa kupanda.