Mlipopeleka Mbele Ndipo Filamu Ilipo

Juzi nilikaa kwenye banda la video huku Ngamiani, Tanga, watu wamejaa hadi mlangoni, ikawekwa Enter the Dragon. Nilifurahi sana. Picha ya mwaka 1973 kujaza banda leo, tena vijana watupu, si jambo dogo. Lakini mazungumzo ya hekaluni, ya Bruce Lee na mwalimu wake, yalirushwa mwanzoni kabisa. Tulipofika pale Bruce Lee anapovaa nguo nyeusi na kuanza kupenya usiku, kijana mmoja akapaza sauti, "Peleka mbele!" Wenzake wakamuunga mkono. Mwenye banda akabonyeza rimoti, tukajikuta asubuhi yake, uwanjani, kwenye mateke. Usiku wa pili nao ukakatwa mpaka yalipoanza mapigano ya pangoni. Picha ikaisha mapema mno, watu wakatoka wakisema steringi ni mkali ila hadithi hakuna.

Hadithi hakuna! Mtakuta wapi hadithi na mmeitupa yote?

Nimebishana juu ya jambo hili kijiweni mpaka kahawa imeisha, na sasa naliandika. Enter the Dragon ni filamu ya kijasusi. Ngumi zipo, tena ngumi ambazo hakuna aliyezipiga vile kabla yake wala baada yake, lakini kila ngumi imebebwa na kazi ya upelelezi. Ukiondoa upelelezi unabaki na watu wanaopigana kwenye nyasi bila sababu.

Angalieni Lee anavyoingia kwenye kazi yenyewe. Anakuja Braithwaite, mtu wa usalama wa Waingereza, Hong Kong ikiwa bado koloni lao. Anamweleza habari za Han, tajiri mwenye kisiwa chake, anayeandaa mashindano ya mapigano. Nyuma ya mashindano kuna biashara ya dawa za kulevya na wasichana wanaopotea. Serikali inajua lakini haina ushahidi. Lee anatakiwa aende kama mshindani, aone, atoe taarifa. Na kisiwani hakuna bunduki, Han hazitaki. Tafakarini jambo hilo. Majasusi wote wa sinema tuliowazoea wana bastola kwapani, gari lenye vitu vya ajabu na saa inayolipuka. Huyu hana hata kisu. Ana macho, masikio, na subira.

Usiku wa kwanza anatoka kwenda kuangalia. Ule ukimya mliouchoka ndio kazi yenyewe. Anasimama, anasikiliza, anahesabu hatua za mlinzi, anateremka kwa kamba. Tazameni uso wake pale, maana kamera inausogelea kabisa: macho yanatangulia, mwili unafuata. Ni mwigizaji aliyejua kwamba mtu akiwa peke yake gizani, hata namna anavyogeuza shingo inaongea. Walinzi wanamgundua, anawachapa, anatoweka.

Sasa ndipo jambo kubwa linapoanza, na ndilo lililonifanya nikasirike. Usiku uleule Williams, yule Mmarekani mweusi aliyechezwa na Jim Kelly, ametoka nje kupunga hewa. Asubuhi Han anawaadhibu walinzi walioshindwa kazi. Bolo, lile jitu la Han, anawaua kwa mikono mitupu mbele ya wageni wote. Baadaye Han anamwita Williams na kumtuhumu kwamba ndiye aliyewapiga walinzi. Williams anakiri kwamba alikuwa nje, na anasema hakuwa peke yake. Han anataka jina. Williams halitoi. Anasema anataka kuondoka kisiwani. Wanapigana, na anauawa.

Kwa hiyo Williams anakufa kwa kazi ya Lee. Mtu aliyekuja kisiwani kwa shida zake, aliyekwisha kuonewa na polisi wabaguzi kwao Marekani, anayetazama makazi ya maskini juu ya maji kule Hong Kong na kuona ni umaskini uleule aliouacha kwao, mtu huyo anabeba mzigo wa siri ya mwenzake na hafungui mdomo. Lee ndiye aliyekuwa nje akiwapiga wale walinzi. Hiyo ndiyo bei ya ujasusi, na filamu hii ya karate inaionesha waziwazi kuliko filamu nyingi zinazojiita za kijasusi, ambamo anayekufa kwa ajili ya steringi anasahauliwa kabla damu haijakauka. Pale bandani, kwa sababu usiku ulirukwa, kifo cha Williams kilionekana kama ukatili uliotokea hewani. Kijana aliyekaa jirani yangu aliuliza, "Sasa huyu kauliwa kwa nini?" Lilikuwa swali zuri, na jibu lake lilikuwa kwenye zile dakika walizozirusha.

Na O'Hara je? Lee anajua, kabla hajapanda mashua, kwamba huyu mlinzi mkuu wa Han ndiye aliyesababisha dada yake Su Lin ajiue. Angela Mao aliyecheza kama dada yake anaonekana muda mfupi tu, lakini anapigana mpaka anaishiwa pa kukimbilia, na anachagua kufa kwa mkono wake kuliko kuanguka mikononi mwao. Lee anaishi kisiwani mbele ya mtu huyo na anatakiwa atulie. Jasusi akionesha hasira kazi imeharibika. Ndiyo maana anapopangiwa kupigana naye, na O'Hara anapookota chupa na kuzivunja, ule uso wa Lee anaporuka na kummaliza unatisha vile. Ni uso wa mtu aliyejizuia tangu alipofika. Ukiwa umerusha habari za Su Lin, utaona ni mbwembwe tu.

Tena kukata mazungumzo si dhambi ya mabanda yetu peke yake. Filamu ilipotoka mwaka 1973 wenyewe waliotoa picha waliyapunguza mazungumzo ya Lee na mwalimu wake wa hekaluni, na yalirudishwa mwaka 1998 ilipotolewa upya. Ndani ya mazungumzo yale mwalimu anamkumbusha kwamba adui anajificha nyuma ya taswira, na ukiivunja taswira umemvunja adui. Halafu fikeni mwisho, kwenye chumba cha vioo, Han akiwa na mkono wake wa makucha, kila upande yeye, na Lee amechanwa kifuani. Hamwoni adui, anaona picha zake. Anayakumbuka maneno ya mwalimu, anaanza kuvunja vioo kimoja kimoja. Watazamaji wa mara ya kwanza waliona mtu anapiga vioo. Miaka 25 watu waliisifu ile sehemu, na inastahili, huku nusu ya maana yake imebaki mkasini. Ukishayasikia yale maneno ya mwanzo, chumba kile kinakuwa kitu kingine kabisa.

Sisi watu wa Tanga ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kudharau upelelezi. Novemba 1914 Waingereza walileta hapa kikosi cha takriban watu 8,000 kutoka India kuuteka mji huu, na Wajerumani walikuwa na askari wapatao 1,000. Meli ya kivita ya Waingereza, Fox, ikatangulia kuja kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana yamefutwa, wakapata nafasi ya kujiandaa. Waingereza wakateremka upande wa Raskazone bila kuujua vizuri mji uliokuwa mbele yao. Upande wa pili, von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi mwenyewe, alichukua baiskeli usiku wa kuamkia vita akaingia mjini, akazunguka kujionea kwa macho yake adui yuko wapi. Kesho yake waliokuwa wengi wakashindwa, nyuki nao wakatoka mizingani wakashambulia bila kuchagua jeshi, na Waingereza wakapanda meli wakaacha silaha na risasi nyuma. Watu hapa wanapenda kusimulia nyuki. Mimi nasema simulieni na baiskeli. Makaburi ya waliokufa kwa kutojua yapo mjini humu hadi leo, na waliolazwa humo wengi wao ni watu wa India walioletwa kupigania vita isiyokuwa yao.

Nirudi kwenye picha, maana hoja nyingine nilizozisikia kijiweni nazo zina wenyewe.

Wapo wanaosema filamu za kijasusi za bunduki ndizo za kweli kwa sababu dunia ya sasa ni ya bunduki. Sawa. Lakini Lee mwenyewe anamuuliza Braithwaite kwa nini mtu asichukue tu bastola mambo yakaisha, kwa hiyo filamu ilishalijibu swali hilo mapema.

Fundi wetu wa baiskeli, mzee ambaye aliiona kwenye sinema ya Majestic enzi hizo, anasema Roper, yule Mmarekani mwingine aliyekuja kushindana, kumshinda Bolo haiingii akilini. Hapo, kwa shingo upande, nakubali. John Saxon aliyemcheza alikuwa mwigizaji mzuri na mwenye mvuto, lakini ukimweka mbele ya lile jitu lenye kifua vile, unaona kabisa kwamba mwandishi wa hadithi ndiye aliyemwokoa. Ila huyohuyo Roper anafanya jambo ninalolipenda: Han anampa utajiri, anamwonesha kasumba yake, anamwonesha na maiti ya Williams ili ajue njia nyingine inaishia wapi, kisha anamwamuru apigane na Lee. Roper ana madeni ya kamari yanayomfukuza kutoka Marekani. Anakataa. Hakuna teke hapo, na ni ushujaa.

Mke wangu aliitazama nyumbani na akaona kitu ambacho sijasikia mwanamume yeyote akikitaja kijiweni. Alisema jasusi wa kwanza kisiwani ni Mei Ling. Ni kweli kabisa. Braithwaite alishampandikiza kule kabla Lee hajafika. Anaishi katikati ya maadui, hana mashindano ya kumpa kisingizio wala umaarufu wa kumkinga, na mwisho ndiye anayewafungulia mahabusu wa Han wakatoka kuja kusaidia. Bila yeye, Lee na Roper wangezidiwa pale uwanjani. Filamu imemtendea visivyo kwa kumpa muda mchache vile, na kwa ujumla inawapanga wanawake kama vyombo vya karamu. Siitetei katika hilo hata kidogo. Ningelipa kiingilio mara mbili kuona hadithi ya Mei Ling pekee.

Usiku wa pili sijausahau. Lee anashuka chini, anaona maabara, anaona wasichana waliofungiwa. Anataka kutuma taarifa, lakini chumba cha mitambo kina watu. Anamwachia swila ndani, watu wanakimbia, anakaa kwenye mtambo na kutuma ujumbe. Ni akili iliyomfikisha pale, mapigano yanakuja baada ya kazi kukamilika. Anawapiga walinzi wengi mno, kwa mikono, kwa fimbo, kwa nanchaku, vile vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo, mpaka milango ya chuma inashuka na kumfungia pande zote. Hapo tazameni anachofanya. Habishani na mlango. Anakaa chini, anakunja miguu, nanchaku shingoni, anatulia. Nimeona watu wengi wakiiga nanchaku huku mitaani, hadi wamejipasua vichwa. Mnaomuiga, muigeni na hapo.

Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, kama mwezi mmoja tu kabla filamu haijaanza kuoneshwa. Hakuona watu wakiipangia foleni. Yule mzee wetu anasema walioijaza Majestic walijua wanamtazama marehemu, na wapo waliokataa kuamini. Ninapoona mtu anazirusha dakika zake, nasikia uchungu, kwa sababu hakuacha nyingi. Alikuwa na mawazo juu ya namna ya kupigana, namna ya kufundisha na namna ya kutulia, na sehemu kubwa ya mawazo hayo ameyaweka kwenye zile sehemu zisizo na teke.

Ubishi wa mwisho ni wa helikopta. Wengi wanaona ni kasoro kwamba wanajeshi wanafika kila kitu kimeshaisha: ujumbe umetumwa usiku, wao wanatua Han ameshakufa. Wanasema mwandishi alichoka. Sikubali. Lee anarudi uwanjani na majeraha yake, Roper ameketi katikati ya maiti, wanaoneshana dole gumba, basi. Waliomtuma walikuwa na ofisi, ramani na vyombo vya kuruka, na hawakuhatarisha hata mtu mmoja wao kwenye kisiwa kile. Waliokwenda ni Lee na Mei Ling. Mkoloni aliyetaka ushahidi ameupata, na waliomlipia ni watu wengine. Kuchelewa kwao kumewekwa makusudi, na ndiyo sehemu ya ujasusi iliyo ya kweli kuliko zote katika filamu hii.