Barakoa na wenzetu wasosikia: mzigo abebe nani?

Zamani hapa visiwani ukisema barakoa watu walijua ile ya kina bibi ya kufunika uso wakitoka nje, ilipokuja korona 2020 jina likahamia kwenye hichi kitambaa cha mdomo na pua. WHO, shirika la afya la dunia, walishasema Mei 2023 korona si dharura ya dunia tena, lakini hospitalini barakoa bado zipo na mie sina ugomvi nazo. Wodi ya kifua kikuu, chumba cha upasuaji, au mgonjwa anakukoholea usoni, ivaliwe. Hata kiziwi ana mapafu.

Ila shangazi yangu huko Pemba anasikia kidogo sana, anategemea kuangalia midomo. Kenda kituo kimoja cha afya, anaeita majina kavaa barakoa, shangazi kakaa kwenye benchi toka saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri inaadhiniwa, kumbe jina lilishaitwa zamani na wa nyuma yake wote washatibiwa washakwenda zao. Akajibiwa "sisi tumekuita". Ni kweli walimuita, na hapo ndo panaponiuma.

Maana barakoa inaficha mdomo na papo hapo inapunguza sauti, khasa zile nyembamba kama s, f na sh, ambazo mwenye usikivu hafifu mara nyingi ndo zinazompotea mwanzo. N95, ile barakoa nzito inayobana uso, inapunguza zaidi kuliko ile ya bluu ya kawaida. Na mwenye mashine ya kusikilizia nyuma ya sikio akivaa barakoa yeye mwenyewe mpira wake unagombana na mashine, akivua inaweza kutoka nayo ikaanguka, na mashine yenyewe ghali. Wanaotumia lugha ya alama utasikia watu wakisema "si mikono iko wazi", lakini alama si mikono tu, uso nao unasema, na hapo nyusi zimebaki, mdomo na mashavu yamefichwa.

Kuna wanaosema kusoma midomo kwenyewe ni kubahatisha. Sawa, simama mbele ya kioo useme mama, baba, papa, mdomo ule ule! Lakini kubahatisha ukiwa na uso mbele yako si sawa na kubahatisha kitambaa.

Barakoa za dirisha la plastiki watu wanazisifu sana, na kwa kiziwi anaesoma midomo zinasaidia, ila ile plastiki inazuia sauti kuliko barakoa ya kawaida na ina ukungu wa pumzi, sasa mtu kama shangazi anaetumia jicho na hicho kisikio kilobakia anapata huku anapoteza kule. Kuandika kwenye simu kuzuri kwa alopita skuli, yeye hakupelekwa.

Kwahivo mie naona barakoa ibaki penye maradhi, lakini kazi ya kueleweka aibebe anaesikia. Karani alokaa nyuma ya kioo na hakuna mripuko wowote, ashushe aseme taratibu. Asoweza kushusha, anyanyuke amguse mtu bega. Dirisha la dawa ndo pa kuogopa kabisa, "moja mara tatu" na "tatu mara moja" ni maneno yale yale yamegeuzwa, akikosea hapo si foleni tena.

Safari ya mwisho kijana wa dawa hakuvua barakoa. Kachukua kalamu, kwenye bahasha kachora jua na kidonge kimoja, chini yake mwezi na kidonge kimoja, kamuoneshea kwa kidole, kasubiri mpaka shangazi akamrudishia vile vile.